MAJERAHA YASIYOTOKA DAMU

Maneno kwa wakulima wa Mohoro na bonde la Rufiji juu ya kupondeka, kuteguka na kubanwa kwa viungo

Shamba halilimwi na jembe. Hulimwa na mkono ulioshika jembe. Mkulima mwenye jembe bovu aweza kuazima jingine kwa jirani, lakini mwenye mkono uliokufa hana pa kuazima mkono. Kwa sababu hiyo katika karatasi hii hatutasema juu ya mbegu wala wadudu, bali juu ya mwili wa mkulima mwenyewe, maana mwili ndio chombo cha kwanza cha kazi zake zote.

Kazi za Mohoro ni nyingi, na kila moja ina hatari yake. Wakati wa mpunga mkulima hupanda dunguni kulinda ndege na nguruwe. Maji ya mto yapunguapo hulima mlau katika tope linaloteleza. Wengine hukwea minazi, wengine hupanda miembe, na wenye kibali huenda delta kukata boriti za mikoko na kuzipakia vyomboni. Katika kazi hizo watu huanguka, huteguka, hupigwa na magogo na kulaliwa na magunia. Mtu akikatwa na panga kila mmoja hushtuka, maana aiona damu. Lakini akipondwa na gogo pasipo kutoka damu huambiwa "pole, utapona," naye hurudi kazini.

Mara nyingi hupona kweli. Walakini yako majeraha ya namna hiyo yawezayo kumpotezea mtu mguu, au figo, au uhai wake, na wakati wa kumwokoa huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Jambo tulitakalo ulishike ni hili: jeraha lisilotoka damu halipimwi kwa ukubwa wa alama iliyo juu ya ngozi. Hupimwa kwa maumivu, kwa ugumu wa nyama, na kwa hali ya vidole.

1. CHINI YA NGOZI PANA NINI

Mchukuzi wa maembe ajua kwamba embe lililoangushwa huonekana zima siku ile. Ngozi haikupasuka. Kesho yake ukilipasua utaona nyama imegeuka rangi ndani. Mwili nao ni vivyo hivyo. Pigo likiangukia paja au mkono, mishipa midogo ya damu hupasuka, na damu huvuja kati ya nyama isipate njia ya kutoka. Ndiyo damu iliyovilia. Kisha maji ya mwili hukusanyika mahali hapo, pakafura, pakawa na joto na maumivu.

Mwili huiondoa damu hiyo wenyewe kidogo kidogo. Rangi yake hubadilika kutoka nyekundu au nyeusi kuwa kijani, kisha manjano, na aghalabu huisha katika muda wa majuma 2 hivi. Lakini katika ngozi nyeusi rangi hizi hazionekani vizuri. Basi usitegemee macho peke yake. Weka kiganja chako mahali palipoumia, kisha mahali palepale pa upande wa pili wa mwili, ulinganishe. Je, pana joto zaidi? Pamekuwa pagumu zaidi? Pamefura kuliko penzake? Mkono utakuambia yale ambayo ngozi imeyaficha.

2. SIKU 2 ZA KWANZA

Katika nyumba nyingi jambo la kwanza ni kuinjika maji ya moto, kumkanda mgonjwa na kumsugua mafuta kwa nguvu. Nia ni njema, ila wakati sio. Mishipa iliyopasuka bado inavuja. Joto huifungua zaidi, na kusugua huipasua tena. Uvimbe uliokuwa mdogo asubuhi huwa mkubwa jioni. Basi katika siku 2 au 3 za kwanza acha maji ya moto, acha kusugua, acha pombe, wala usichanje ngozi ili kutoa damu mbaya. Damu ile si mbaya. Ni damu iliyopotea njia, na chale huingiza uchafu mahali palipokuwa safi.

Fanya hivi badala yake. Kwanza, pumzisha kiungo. Pili, weka kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungini, au barafu iliyofungwa katika nguo, kwa muda wa dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Waweza kurudia baada ya saa 2 au 3. Barafu isiguse ngozi yenyewe, maana huiunguza. Baridi hutuliza maumivu. Tatu, waweza kufunga kwa kitambaa kipana, kwa ulegevu wa kuingiza kidole kimoja chini yake bila taabu. Nne, mgonjwa akilala, inua kiungo juu ya mto wa kulalia ili uvimbe upungue.

Kwa maumivu, mtu mzima aweza kumeza parasitamoli 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku nzima. Aspirini haifai hapa, kwa kuwa huzuia damu isigande. Baada ya siku hizo za kwanza, uvimbe ukianza kupungua, maji ya vuguvugu hayadhuru tena, nawe uanze kukitumia kiungo kidogo kidogo. Kiungo kilicholazwa majuma mengi hukakamaa.

3. KIUNGO KILICHOTEGUKA

Mifupa ya kiungo hushikwa pamoja na kano, mfano wa kamba zifungazo fito za nyumba. Mguu ukipinduka topeni, kano za upande wa nje wa kifundo huvutwa kupita kiasi, na nyingine hukatika nyuzi zake. Huku ndiko kuteguka. Tiba yake ni ile ile tuliyoieleza, na kisha mazoezi: baada ya siku chache, mgonjwa akiwa amekaa, achore duara hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara nyingi kwa siku; na aweza kusimama, asimame juu ya mguu ule mmoja huku ameshika ukuta. Asiyefanya hivyo hupinduka tena mahali palepale msimu ujao.

Utajuaje kama mfupa umevunjika? Mwambie ajaribu kwenda hatua 4. Asipoweza, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, siyo nyama iliyo kando, akalia kwa maumivu, basi apelekwe kupigwa picha. Na bega au kiwiko kikitoka mahali pake, usikivute. Karibu na viungo hivyo ipo mishipa ya damu na ya fahamu, nayo hukatika ikivutwa na asiyejua. Fungia mkono kifuani kwa khanga kama ulivyokutwa, umpeleke mgonjwa kituoni.

4. UVIMBE UNAOUA NYAMA

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike karatasi hii. Soma polepole, na asiyejua kusoma umsomee.

Nyama za mguu na za mkono hazikuachwa ovyo. Zimetiwa katika mifuko ya utando mgumu usiovutika. Wewe wajua gunia la mpunga lililoshonwa kinywa likaloa maji: nafaka hufura ndani, gunia likakaza kama jiwe, na mwisho hupasuka. Utando wa mwili haupasuki. Damu ikivuja ndani yake na nyama ikifura, mkazo huzidi mpaka ukaibana mishipa midogo iliyo ndani. Damu safi haiingii tena. Nyama isiyopata damu huanza kufa, na baada ya saa 6 hivi sehemu iliyokufa hairudi. Mahali panapopatwa zaidi ni muundi wa mguu na mkono kati ya kiwiko na kiganja. Jambo hili laweza kutokea mfupa ukivunjika, na laweza kutokea nyama ikipondwa tu na mfupa ukawa mzima.

Dalili zake ni hizi:

(a) Maumivu yapitayo kiasi cha jeraha, yanayozidi kila saa, wala hayatulizwi na dawa.

(b) Ukivinyosha vidole vya mgonjwa taratibu, yeye mwenyewe akiwa ametulia, maumivu makali hupanda ndani ya muundi au ndani ya mkono.

(c) Nyama ni ngumu kama ubao, na ngozi yang'aa kwa kuvutika.

(d) Ganzi, au vidole vinasisimka kama vinavyotembelewa na sisimizi.

(e) Mwisho vidole hupoa, hupauka, havitaki kujongea.

Usingoje dalili ya mwisho. Vidole vikiisha kupoa, mara nyingi wakati umekwisha kupita. Dalili za kwanza mbili zatosha kukuondoa nyumbani hata kama ni usiku. Na usidanganyike ukiona vidole vingali na joto na mshipa wa damu wapiga. Mishipa mikubwa huweza kupitisha damu huku nyama iliyo kando yake inakufa.

Fanya hima. Legeza kila kilichofungwa: kitambaa, mabanzi, kamba, hata bangili na pete. Kitambaa kikikataa kufunguka, kipasue kwa mkasi. Hapa usiinue kiungo juu, wala usiweke barafu. Kilaze sawa na moyo, kwa maana kikiinuliwa damu chache iliyobaki hupanda kwa shida. Kisha mpeleke kwenye kituo cha afya, wakupe njia ya kufika hospitali yenye mpasuaji. Hospitali ya wilaya iko Utete, na upande wa Kibiti iko Mchukwi. Kabla ya mwaka 2003 msafiri wa Dar es Salaam alingoja pantoni pale Ndundu. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka ule, mto si kizuizi tena, na mgonjwa aweza kufikishwa Muhimbili kwenye Taasisi ya Mifupa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Huko daktari atapasua ngozi na ule utando kwa urefu, ili nyama ipumue. Kidonda kitakuwa kirefu, na kitaachwa wazi siku kadhaa kabla hakijashonwa. Jamaa wengi wakikiona huogopa, wakataka kumrudisha mgonjwa nyumbani. Msiogope. Kovu refu juu ya mguu unaotembea ni bora kuliko ngozi nzuri juu ya mguu uliokufa.

5. JUU YA KUFUNGA MABANZI

Waunga mifupa wako katika vijiji vyetu tangu zamani, na wengine wana mikono myepesi na subira kubwa. Hatuwatukani. Lakini kosa moja la kufunga huondoa sifa ya miaka mingi, na kosa hilo lilifanywa na madaktari wa Ulaya vilevile. Mwaka 1881 mpasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann wa mji wa Halle, aliandika habari za mikono iliyokakamaa na vidole kujikunja daima kama makucha, na sababu aliyoitaja ni bendeji zilizokazwa mno. Hata leo ulemavu huo hujulikana ulimwenguni kwa jina lake.

Tuseme mtoto ameanguka kutoka mwembeni, mkono umeumia karibu na kiwiko. Hufungwa mabanzi na kamba zikakazwa "ili mfupa usicheze." Saa ile mkono bado mwembamba. Usiku hufura, lakini kamba hazifuri. Mtoto hulia, akaambiwa avumilie kwa kuwa mfupa unaunga. Alfajiri amenyamaza, na wazazi hushukuru wakidhani amepata nafuu. Kumbe amenyamaza kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa. Kilio cha mtoto aliyefungwa mabanzi si utundu wala udhaifu; ni habari ambayo mkono wenyewe unaileta, na asiyeisikiliza ataijuta.

Basi sheria za kufunga ni hizi. Weka pamba au nguo laini chini ya mabanzi. Usifunge kamba juu ya mahali palipovunjika wala mahali pa kukunjia kiwiko. Acha vidole vyote wazi. Siku ya kwanza vitazame kila saa, usiku na mchana: bonyeza ukucha mpaka upauke, kisha uachilie, katika sekunde 2 hivi rangi yapasa kurudi. Uvimbe huzidi mpaka siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo kamba iliyokuwa sawa jana yaweza kuwa kitanzi leo. Maumivu yakizidi, fungua kwanza, uulize baadaye. Mfupa uliolegezwa waweza kufungwa tena, lakini mkono uliokwisha kufa haufufuki.

6. ALIYELALIWA NA KITU KIZITO

Mafuriko ya mwaka 2024 yaliingia katika nyumba na mashamba ya Mohoro. Ukuta wa udongo ulioloa maji hauanguki siku ya maji tu. Waweza kuanguka siku nyingi baadaye, watu wamelala. Kadhalika gogo, lundo la magunia, au gari lililopinduka laweza kumlalia mtu kwa muda mrefu.

Hapa pana hatari ya namna nyingine. Mwaka 1941, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Eric Bywaters na Desmond Beall wa Hospitali ya Hammersmith waliandika habari za watu 4 waliotolewa chini ya nyumba zilizoporomoka. Mwanzo hali zao zilionekana njema. Kisha miguu ikafura, mkojo ukapungua na kuwa mweusi, na figo zao zikashindwa. Sababu yake yajulikana: nyama iliyopondwa huachilia sumu zake ndani ya damu wakati uzito unapoondolewa. Rangi ya nyama huziba figo, na chumvi ya potasi ikizidi husimamisha moyo. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, watu walibaki chini yake kwa saa nyingi. Na katika misiba ya namna hiyo madaktari hupenda kumtia mtu maji ya mshipani hata kabla hajatolewa, ili kuzilinda figo zake.

Kijijini, ambako daktari hayuko karibu, ondoa uzito mara uwezapo kuuondoa bila kumwangusha mwingine. Usingoje. Lakini tazama saa, ukumbuke muda aliokaa chini. Aliyelaliwa saa 1 au zaidi apelekwe hospitali hata akisema hajambo na kutaka kwenda zake. Akiwa na fahamu zake, wala hakuumia tumbo, mpe maji ya kunywa njiani. Mkojo wake ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mwambie daktari neno hilo kabla ya mengine yote. Wala asimeze diklofenaki au dawa za namna yake, maana huzidi kuziumiza figo.

7. KICHWA NA TUMBO

Nazi iangukayo kichwani, au mpini upigao tumbo, huweza kuvujisha damu mahali pasipoonekana kabisa. Aliyepigwa kichwa akitapika mara kwa mara, akisinzia kuliko desturi, akisema maneno yasiyoeleweka au akitoka maji puani na masikioni, apelekwe upesi. Aliyepigwa tumbo akipauka, akitoka jasho la baridi na tumbo likiwa gumu, asipewe chakula wala kinywaji; naye apelekwe bila kukawia.

8. KINGA

Mengi ya mambo haya yazuilika. Tazama ngazi ya dungu na nguzo zake kabla ya msimu, maana mchwa hula chini ya ardhi pasipoonekana. Usikwee mnazi uliolowa mvua, wala usiwaache watoto wacheze chini yake wakati wa kuangua. Magogo yaliyolundikwa yatiwe kabari pande zote, na mtu asisimame upande wa chini wa mteremko. Gunia la mpunga lichukuliwe na watu 2. Atakayejitwisha peke yake akunje magoti, asipinde mgongo. Nyumba ya udongo iliyozungukwa na maji ipimwe kwa macho kabla ya kulalwa tena: ukuta uliopasuka kwa urefu au uliovimba chini haufai kuegemewa na kitanda.

MANENO YA KUKUMBUKA

Jeraha dogo: pumzisha, poza, funga kwa ulegevu, inua. Siku 2 za kwanza usikande kwa moto wala usisugue.

Maumivu yakizidi kiasi, nyama ikiwa ngumu, au vidole vikiingia ganzi: fungua kila kitu, laza sawa na moyo, nenda hospitali sasa hivi.

Aliyelaliwa na kitu kizito: apelekwe hata akisema hajambo, na mkojo wake utazamwe.

Ndugu mkulima, ukiona mche umenyauka huungoji ukauke ndipo umwite Bwana Shamba. Basi ufanye vivyo hivyo kwa mkono wako na kwa mkono wa mwanao. Karatasi hii ukimaliza kuisoma mpe jirani, na kabla ya wengine mpe mwunga mifupa wa kijiji chako, maana yeye ndiye atakayeitwa kwanza usiku ule wa kuanguka.